Mkono wa Anayeanguka

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa shilingi 50. Nilikuwa na miaka 19, nimefanya judo kwa miaka mitatu, na makanga alikuwa amekataa kunipa chenji yangu. Tulishuka kwenye steji tukifokeana, akanishika kola ya shati. Mwili wangu haukungoja ruhusa. Nilimvuta kwangu, nikapitisha mguu nyuma ya wake, nikampiga ngwala. Kwenye mikeka yetu ya mazoezi, mtu akienda chini hivyo unasikia mkono wake ukipiga mkeka, pap, halafu anainuka akicheka. Makanga hakupiga mkono. Alianguka vile gunia la viazi huanguka, na kisogo chake kikagonga ukingo wa barabara.

Hakufa. Nasema hilo mapema ndio usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Alishonwa, mjomba wangu akanisaidia kulipa matibabu, na wenzake pale steji wakaniacha niondoke na meno yangu yote, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa.

Jumamosi iliyofuata nilienda mazoezini nikijua nitafukuzwa. Sensei alikuwa ameshapata habari; mtaani kwetu habari haingoji kusimuliwa mara mbili. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimshika mkono?"

Kama hujawahi kufanya judo, swali hilo halina maana kwako, kwa hivyo nieleze. Unapombwaga mwenzako, unakuwa umeshika mkono wa sare yake, karibu na kiwiko. Akishakuwa hewani, huo mkono hauachiliwi. Unauvuta juu kidogo, ndio atue kwa ubavu na si kwa kichwa. Nilifundishwa hivyo wiki ya kwanza. Kwa miaka mitatu nilidhani ni mbinu tu kama kufunga mkanda.

Nikamwambia ukweli: nilimwachilia.

"Basi hukufanya judo," Sensei akasema. "Ulipiga mtu."

Siku hiyo sikuruhusiwa kumwangusha yeyote. Niliangushwa na kila mtu ukumbini, hadi watoto wa darasa la tano waliohitaji nijirushe kidogo ili waweze. Na kila mmoja wao, hata wale wadogo, alinishika mkono.

Ukutani mwa ukumbi wetu kulikuwa na picha ya mzee wa Kijapani mwenye masharubu. Tulimwinamia kila tukianza na kila tukimaliza, bila kumjua sana, vile unavyomsalimia jirani wa ghorofa ya juu. Chini yake kulikuwa na kanuni ambazo tulizisema kwa sauti kwa pamoja: heshima, kujizuia, kusaidiana. Nilikuwa nimezisema mamia ya mara. Sasa ikawa lazima nijue: kama maneno hayo ndiyo falsafa ya judo, mbona hayakuwa nami pale steji? Ndipo nikaanza kusoma historia.

Sisi tuliolelewa na sinema za kung fu, tukizitazama kwenye vibanda vya video huku DJ Afro akitusimulia kila teke, tuna picha moja ya falsafa ya sanaa za mapigano. Kuna mzee mlimani, ndevu nyeupe hadi kifuani. Kijana anafika akitaka kulipiza kisasi cha babake. Mzee anambebesha ndoo za maji, anampa mafumbo, na mwishowe kijana anapata ngumi na hekima kwa pamoja. Katika picha hiyo falsafa ni ya tangu na tangu, haina tarehe. Kumbe tarehe inazo. Na ukizipanga, zinaonyesha kitu ambacho sikukitarajia: falsafa huja vita vikiisha.

Chukua Japani. Kwa zaidi ya karne moja kabla ya 1600, watawala wa majimbo walipigana wao kwa wao, na mtu mwenye upanga hakuulizwa kwa nini anafanya mazoezi. Alifanya ili aione kesho. Kisha ukoo wa Tokugawa ukashinda, ukaanzisha serikali yake mwaka 1603, na baada ya ngome ya Osaka kuanguka mwaka 1615 ikaja amani iliyodumu zaidi ya miaka 200. Samurai walibaki na panga viunoni, lakini kazi ya panga ilikuwa imepungua sana. Sasa swali la "kwa nini" likawa na nafasi.

Yagyu Munenori alikuwa mwalimu wa upanga wa shogun, na vita alivijua kwa macho yake. Mwaka 1632 alikamilisha kitabu ambamo alijaribu kueleza jinsi upanga unaoua unavyoweza kuwa upanga unaolinda uhai. Rafiki yake, mtawa wa Zen aitwaye Takuan Soho, alimwandikia kuhusu akili ya mpiganaji. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba akili ikisimama mahali pamoja imeshatekwa. Ukiukodolea macho upanga wa adui, upanga umekuteka. Ukiwaza namna utakavyoshinda, wazo hilo limekuteka. Aliyewahi kupigana, hata mazoezini tu, anajua hayo si mafumbo. Ni maelezo ya kazi. Mimi pale steji, akili yangu ilikuwa imesimama kwenye shilingi 50.

Jambo hilo lilijirudia karne mbili na zaidi baadaye. Utawala wa shogun ulianguka mwaka 1868, Japani ikaanza kujijenga upya kwa bunduki, reli na shule za kisasa, na mwaka 1876 serikali ikapiga marufuku kubeba panga hadharani. Jujutsu, ile mieleka ya kivita ya samurai, ikaonekana takataka ya zamani. Walimu wake walikosa wanafunzi. Baadhi yao waliishi kwa kuunga mifupa.

Mzee wa pichani alikuwa kijana wakati huo. Jina lake Kano Jigoro, alizaliwa mwaka 1860, mdogo wa umbo, mkali wa masomo, na katika shule ya bweni Tokyo wavulana wakubwa walimwonea. Akatafuta jujutsu kwa sababu ile ile iliyotupeleka wengi wetu ukumbini: alichoka kupigwa. Mwaka 1877 alimpata Fukuda Hachinosuke, mmoja wa hao waunga mifupa. Kano alisimulia baadaye kwamba siku moja alimuuliza mwalimu huyo mbinu fulani inafanyika vipi hasa, mkono uwe wapi, mguu uwe wapi. Fukuda akamwita, akambwaga. Akauliza tena, akabwagwa tena. Nilicheka niliposoma hapo. Kumbe adhabu yangu ilikuwa na mababu.

Lakini Kano hakuwa mtu wa kuridhika na jibu hilo. Alihitimu Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1881, akiwa amesoma siasa, uchumi na falsafa, na alitaka kujua kanuni iliyo nyuma ya mbinu. Aliipata katika usawa wa mwili: mtu aliyesimama imara ni mzito, ila ukimtoa kwenye usawa wake kwanza, hata aliye mdogo anaweza kumwangusha. Mwaka 1882 alifungua chumba chake cha mazoezi katika hekalu la Eishoji, Tokyo, chumba cha mikeka 12 tu. Akakiita Kodokan, mahali pa kujifunzia njia. Na alichokifundisha hakukiita tena jujutsu. Alikiita judo. Silabi ya mwisho ilibadilika: "jutsu" ni ustadi, "do" ni njia.

Kwa nini kijana wa mwaka 1882 apoteze jioni zake kwa jambo hilo, na bunduki ipo na polisi wapo? Mwaka 1889 Kano alilijibu swali hilo katika hotuba kwa watu wa elimu: judo ni mazoezi ya mwili, ni mafunzo ya kupigana, na ni malezi ya tabia. Mafunzo ya kupigana yalikuwa moja tu kati ya matatu. Alikuwa mwalimu wa shule kwa taaluma, na kwake mkeka ulikuwa darasa.

Ila hotuba mtu yeyote anaweza kutoa. Kilichonivutia ni alichofanya ndani ya darasa lenyewe. Kano hakunyunyizia falsafa juu ya mazoezi kama sukari juu ya mandazi. Aliyabadilisha mazoezi. Mbinu hatari zaidi, kama vile ngumi na mateke, alizihifadhi katika mifululizo ya kupangwa, ambapo wawili wanajua mapema nani atafanya nini. Zilizobaki akaziacha zitumike kwa nguvu zote, watu wawili wakishindana kwa hiari. Alitilia mkazo mwanafunzi ajue kuanguka kabla hajaangusha. Anayekabwa akigonga mkeka kwa kiganja, mwenzake anaachilia papo hapo. Sare za mwanzo zilikuwa na mikono mifupi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikarefushwa ikawa hii tunayoishika leo.

Ukiyaweka pamoja hayo yote, unaona vile yanavyofanya kazi. Ili nikurushe kwa nguvu zangu zote leo, lazima uweze kuinuka. Ili nikurushe kesho, lazima utake kurudi. Nikikuvunja, sina wa kufanya naye mazoezi. Kwa hiyo uzima wako ni mali yangu pia. Mwaka 1922, miaka 40 baada ya Kodokan kufunguliwa, Kano alizitangaza rasmi kanuni mbili: kutumia nguvu kwa namna bora kabisa, na kustawi pamoja, mimi na wewe. Angalia mpangilio wake. Mikeka ilitangulia miaka 40. Kauli za ukutani zilikuja baadaye kuyataja mambo ambayo mikono ilikuwa inayafanya tayari.

Ningependa kuishia hapo, maana ingekuwa hadithi tamu. Lakini si hadithi nzima.

Mwaka huo huo wa 1922, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, Funakoshi Gichin, alifika Tokyo kuonyesha karate. Kano alimkaribisha Kodokan aionyeshe huko pia. Karate ikaazima vitu kadhaa kutoka judo, ikiwemo sare nyeupe na mikanda ya ngazi. Ikapata pia neno "do", na kisha jina jipya. Zamani "karate" iliandikwa kwa alama yenye maana ya mkono wa Kichina, maana sehemu kubwa ya sanaa hiyo ilitoka China. Katika miaka ya 1930 alama hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine inayotamkwa vile vile lakini yenye maana ya utupu. Mkono mtupu. Funakoshi alieleza vizuri: mkono usio na silaha, na moyo uliomwagwa ubinafsi. Ni wazo zuri, nalipenda hadi leo. Lakini Japani ilikuwa imeivamia Manchuria mwaka 1931, na mwaka 1937 vita kamili na China vikaanza. Haukuwa wakati wa kutembea na China ndani ya jina lako. Sababu zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kwa maana falsafa yenyewe ikaanza kuitwa jeshini. Mwaka 1931 judo na kendo, sanaa ya upanga, zikawa lazima katika shule za kati za wavulana. Kujisahau, kutoogopa kifo, kumtii mwalimu: maneno yale yale yaliyozungumziwa mikekani yalimfaa sana mtu anayetafuta askari wasiouliza maswali. Chama kikuu cha sanaa hizo, Dai Nippon Butokukai cha Kyoto, kiliwekwa chini ya serikali mwaka 1942, na mwenyekiti wake akawa Waziri Mkuu Tojo Hideki. Funakoshi, aliyefundisha kwamba karate haina pigo la kwanza, aliwapoteza wanafunzi wake wengi katika vita ambavyo nchi yake ndiyo iliyopiga kwanza. Ukumbi wake wa Tokyo uliteketea kwa mabomu mwaka 1945. Vita vilipoisha, Wamarekani walizipiga marufuku sanaa hizo shuleni, na Butokukai ikavunjwa mwaka 1946.

Na usidhani ni Wajapani peke yao. Eugen Herrigel alikuwa Mjerumani, mwalimu wa falsafa kabisa, aliyefundisha chuo kikuu huko Sendai kuanzia 1924 na kujifunza upinde kwa Awa Kenzo. Kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu Zen na upinde kilisomwa kote Ulaya na Marekani. Watu wengi wanaposema kwamba mpiga mshale hodari huacha nafsi yake ipotee, wanamfuata yeye, hata kama hawajui. Mtafiti Yamada Shoji alionyesha baadaye kwamba Herrigel hakukijua Kijapani vizuri na kwamba baadhi ya mazungumzo mazito zaidi kitabuni hayakuwa na mkalimani. Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi. Miaka kati ya upinde na kitabu, Herrigel alirudi kwao, na mwaka 1937 akajiunga na chama cha Nazi. Wakati wa vita akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Erlangen. Mtu aliyeiandika falsafa hiyo kuliko wengi haikumzuia kuingia mlango huo.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini siku kadhaa. Yaani, kama Herrigel, msomi, angeweza kuyabeba maneno yote hayo na bado yasimsaidie, mimi na kanuni zangu za ukutani ni nani? Nilizikariri Jumanne na Alhamisi, na Ijumaa nikampasua mtu kichwa. Je, Sensei angekosea kusema tuziondoe tu ukutani, tufanye mazoezi tuende zetu?

Kilichonirudisha ni swali lake. Hakuniuliza, "Umesahau kanuni?" Aliniuliza kuhusu mkono. Ndani ya ile nusu sekunde mtu akiwa hewani, huwezi kukumbuka kanuni yoyote. Kuna mkono ulioshika au mkono ulioachilia, basi. Nami mazoezini nilikuwa nimeanza kuachilia muda mrefu kabla ya siku ile. Wenzangu walijua kuanguka, kwa hiyo uvivu wangu haukumuumiza mtu, na kwa sababu haukumuumiza mtu sikuuona. Steji ilikuwa mtihani wa kitu nilichokuwa nimeshafeli taratibu, jioni baada ya jioni, huku nikisema maneno yote sawasawa.

Kano hakuona mwisho wa mambo hayo. Mwaka 1938 alikuwa amesafiri hadi Cairo, kwenye mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kutetea michezo ya mwaka 1940 ambayo Tokyo ilikuwa imepewa. Tarehe 4 Mei, akirudi nyumbani ndani ya meli Hikawa Maru, alifariki. Miezi miwili baadaye Japani iliirudisha michezo hiyo kwa sababu ya vita.

Olimpiki ilifika Tokyo mwaka 1964, na judo ikiwemo kwa mara ya kwanza. Fainali ya uzani wa wazi ilimkutanisha Kaminaga Akio wa Japani na Anton Geesink wa Uholanzi, jitu la karibu mita 2. Ukumbi wa Nippon Budokan ulijaa Wajapani waliotaka kuona judo ikibaki kwao. Geesink akamlaza Kaminaga chini, akamshikilia hadi muda ukaisha. Waholanzi wakaruka vitini kukimbilia mkekani wamshangilie. Na Geesink, kabla hajasherehekea, akiwa hata hajatulia, aliinua mkono mmoja kuwazuia. Warudi nyuma. Mwenzake alikuwa bado yupo mkekani, na salamu ya mwisho ilikuwa haijatolewa.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Mholanzi aliyeishinda Japani nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na mwili wake ukajua la kufanya kabla ya kichwa. Sina habari alikuwa anawaza nini. Naona tu mkono.

Siku hizi namsaidia Sensei kufundisha watoto Jumamosi. Wiki za kwanza hatuwafundishi kumwangusha mtu. Wanaanguka tu: mbele, nyuma, ubavuni, hadi wazazi wanauliza kama pesa yao inaenda wapi. Baadaye tunawaonyesha kushika. Nikimwona mtoto anaachilia mkono wa mwenzake, nasimamisha darasa zima, hata kama mwenzake ametua vizuri. Hasa kama ametua vizuri.

Juzi mmoja wao, binti wa miaka tisa mwenye maswali kama mahakama, aliniuliza, "Na kama ni mwizi? Pia yeye tunamshika mkono?"

Nilianza kumjibu, nikanyamaza. Sensei alikuwa anatutazama kutoka ukutani, chini ya ile picha. Hakunisaidia.

"Pia yeye," nikasema. "Kama unaweza."

"Na kama siwezi?"

"Ndio maana tunarudia."

Hakuridhika, na sikumlaumu. Tukarudia.

Yule makanga nilirudi kumtafuta mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kazini na sikuwa na ujasiri wa kumkaribia. Mara ya pili wenzake waliniambia amehama ruti. Mpaka leo nikipanda matatu, makanga akigeuka kupokea nauli ya nyuma, huwa natazama kisogo chake.